Mistari Isiyosomwa na Kompyuta

3 Februari

Mdogo wangu,

Umenipigia simu mara tatu tangu asubuhi na mara zote tatu nimeiacha iite. Sheria ya faili hili unaijua, maana nilikufundisha mimi mwenyewe: anayeigusa programu anaandika juu kabisa, kwenye ile mistari ambayo kompyuta inairuka, aseme amefanya nini na kwa nini, aweke tarehe na sahihi. La simu linasahaulika, la hapa linabaki. Miaka kumi na tisa tumeandikiana hivi, wewe huko ofisini na mimi huku nyumbani kwa Mama, tangu enzi za kumpa kondakta wa basi diski akuletee. Sianzi leo kubishana na wewe kwa simu.

Kwa hiyo nakuuliza hapa. Ni kweli Bosi anataka programu yetu iandikwe upya kwa lugha ya kompyuta ya Python? Nimesikia kwa yule dada wa mapokezi, ambaye alidhani najua. Nikajifanya najua.

Sina ugomvi na lugha ya mtu. Ila programu hii nimeiandika kwa Pascal tangu mstari wa kwanza, na kazi yake ni moja tu: friji ya chanjo ikianza kupata joto, mlinzi apigiwe kengele kabla chanjo hazijaharibika. Vituo sitini na viwili. Sijui ni watoto wangapi wamechomwa chanjo iliyolindwa na programu hii, ila mtaa wetu hauwatoshi. Haijawahi kulala. Sasa kosa lake nini? Kwamba imezeeka? Basi na mimi nitupeni.

Leo nimeongeza muda wa kusubiri kabla kengele haijalia kwa kile kituo cha mtoni. Nesi wa pale huhesabu dozi kila asubuhi mlango wa friji ukiwa wazi, na kengele inamtia aibu bure mbele ya wagonjwa.

Mama anakusalimu. Anasema umekonda kwenye ile picha.

Dada

*

5 Februari

Dada, shikamoo.

Watu wa mapokezi wana midomo mirefu, usiwasikilize. Ni maneno ya kwenye mkutano tu, na mkutano wenyewe unaujua: chai nyingi, kazi kidogo.

Nikueleze lilivyoanza. Yule mteja wetu mkubwa, mwenye vile vituo sitini na viwili, mkataba wake unaisha mwisho wa Machi. Safari hii kabla ya kusaini ametuletea mkaguzi. Mwanamke mpole, mkoba mdogo, karatasi nyingi, hata nimempa jina la Bi Karatasi. Ameuliza swali moja tu: "Programu hii wanaijua watu wangapi?" Nikasema wawili. Akaandika. "Na mmoja akiugua?" Nikasema dada yangu hajawahi kuugua. Akaandika tena.

Tangu siku hiyo Bosi roho juu. Mteja huyu akiondoka, watu kumi na mmoja tunarudi nyumbani, na yeye wa kwanza. Ukumbuke tulitangaza nafasi ya mtu wa Pascal miezi mitatu mizima. Wakaja wawili. Wa kwanza ana umri wa Mama. Wa pili alikaa kwenye usaili, akatazama mlangoni, akauliza kama tunamsubiri huyo Pascal mwenyewe ndipo tuanze. Nilicheka sina mbavu, ila Bosi hakucheka. Wiki iliyofuata akatangaza nafasi ya Python ili aone tu, na kufikia Ijumaa maombi yalijaa boksi la karatasi za kuchapia. Akalileta mezani kwangu, akaliacha, akaondoka.

Ila wewe usiwe na wasiwasi. Nikiwa kwenye kiti hiki hakuna atakayeigusa programu yako. Nimekuahidi. Ungekuja tu siku moja uzungumze na Bi Karatasi, akuone ulivyo mzima.

Mwambie Mama sijakonda, ni lile shati.

Mdogo wako

*

17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Ahadi yako nimeipokea kwa mikono miwili. Wiki mbili hizi nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja. Naamka mezani naenda jikoni, nafika jikoni sijui nimefuata nini, narudi. Mama ananiuliza kama nina mchumba.

Kuja siji. Magoti ya Mama unayajua, nani atamwinua? Na huyo Bi Karatasi anataka kuniona ili iweje? Programu si harusi kwamba lazima mtu amwone bibi. Akitaka kunijua, kazi yangu hiyo hapo.

Leo nimeingiza vile vituo viwili vipya. Kikomo cha joto nimeweka kilekile cha siku zote, nyuzi nane.

Dada

*

20 Februari

Dada, shikamoo.

Tafadhali angalia mstari wa 212. Kikomo cha kituo kipya cha pili umeweka tatu, si nane. Friji yenyewe ilikuwa kwenye nyuzi tano, salama kabisa, lakini kengele imempigia mlinzi mara arobaini na moja kwa siku moja. Mara ya arobaini na mbili alichomoa waya. Akakaa siku mbili bila kengele na hakumwambia mtu. Nilipogundua nilipiga simu kituoni hapohapo, maana umeme ungekatika siku hizo, chanjo zote zingeiva na sisi tumelala.

Nimesharekebisha. Bosi aliuliza ni nani, nikasema ni mimi, yakaisha.

Dada, uko sawa kweli? Miaka kumi na tisa hujawahi kukosea namba. Mimi ndiye mkosaji wa ukoo, nafasi hiyo usininyang'anye.

Mdogo wako

*

21 Februari

Mdogo wangu,

Ni kibodi. Imechakaa, kitufe cha nane kinagoma. Nitanunua nyingine. Asante kwa kunibebea, ila usinibebee tena, ningejisemea mwenyewe.

Dada

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Ulikuwa muungwana. Hukuniuliza kitufe cha nane kinagomaje halafu kikaandika tatu.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima na nimechoka kukaa nalo. Macho yangu yanakwenda. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto lilikufa mwaka jana, na nilivyo mjinga sikujua mpaka siku nilipolifunika la kulia ili nitoe kibanzi, nikajikuta gizani mchana. La kulia limebaki na tundu la katikati. Nikitazama skrini naona neno moja, kisha nalitafuta la pili. Nane na tatu kwangu ni pacha.

Sasa utanielewa kwa nini nawapiga vita na Python yenu. Si kwamba naidharau. Pascal ninaiandika bila kutazama. Programu hii yote iko kichwani mwangu, mistari elfu kumi na moja, naitembea kama mtu anavyotembea nyumbani kwake taa zikiwa zimezimwa. Najua wapi pana ngazi. Mkiniletea lugha mpya, mimi nitajifunza kwa macho gani? Siku mtakayoibadilisha ndiyo siku nitakayokuwa kipofu. Mpaka siku hiyo mimi ni fundi mwenye kasoro kidogo. Baada ya hapo nitakuwa mtu wa kusaidiwa kuvuka barabara.

Naogopa. Nimekulea, sijawahi kukuambia neno hilo hata siku Baba alipoondoka. Leo nakuambia. Naogopa, maana mikono ndiyo niliyobaki nayo.

Mama hajui. Bosi asijue. Bi Karatasi wako ndiye asijue kabisa, maana jibu la swali lake ni mimi. Ile namba ya tatu nimeisikia kifuani kila siku tangu uniandikie. Yule mlinzi na waya wake siwatoi kichwani.

Hakuna nilichobadilisha kwenye programu leo. Nimefungua faili niandike haya tu. Ukishasoma, futa. Najua sheria ni kutofuta. Hii futa.

Dada

*

2 Machi, saa nane mchana

Dada,

Sijui nianzie wapi. Niko kwenye ngazi za nyuma za ofisi na kompyuta mapajani, ndani siwezi kukaa.

Nimeituma.

Bi Karatasi alitaka nakala kamili ya programu leo saa tatu asubuhi. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, namsikia anavyopumua. Faili lako lilikuwa limeingia muda huohuo, nikadhani ni marekebisho, nikafurahi hata, nikasema afadhali wapate iliyo mpya. Nikatuma folda nzima kama ilivyo bila kufungua. Nimekuja kufungua mchana huu ili nikujibu.

Ziko zote mle, Dada. Barua zote za miaka yote, na hii yako juu kabisa, ndiyo ya kwanza mtu kuiona. Nimempigia Bi Karatasi nikamwomba anirudishie bila kusoma. Akasema, "Nimeshasoma."

Na kwa kuwa leo ni siku ya kuvuliwa nguo, na mimi nivue yangu. Ahadi niliyokupa Februari ilikuwa ya uongo. Ripoti ya kupendekeza Python niliiandika mimi, Desemba, sahihi ni yangu. Kuna vijana watatu chumba cha nyuma wanaiandika programu mpya tangu Januari. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia. Kila siku nikiamka naiona haijafika.

Bosi hakunilazimisha. Ningependa kusema alinilazimisha. Ukweli ni kwamba nimechoka kuwa mmoja kati ya wawili. Miaka sita sijachukua likizo. Mwanangu alipozaliwa nilikuwa nje ya wodi na kompyuta, narekebisha kituo kwa sababu wewe ulikuwa na Mama hospitali na hapakuwa na wa tatu. Nilitaka lugha ambayo nikianguka leo, kesho mtu anakaa kwenye kiti changu anaendelea. Sikujua kwamba kuipata hiyo ni kukutoa wewe. Nilidhani unaringa tu.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini pokea simu.

Mdogo wako

*

2 Machi, jioni

Sipokei.

Mwaka mzima nimelificha hata kwa mwanamke aliyenizaa. Nimekuambia wewe, peke yako, na wewe ukamfikishia mtu yuleyule niliyekuomba asijue kabisa. Ungekuwa umefungua faili, Bosi angekufanya nini, angekuuma?

Na Desemba. Desemba ulikuja hapa. Ulikaa kwenye kiti cha Mama, ukala, ukanichekesha, na ripoti umeshaiandika.

Mama anauliza kwa nini nimefunga mlango. Nimemwambia upepo.

Dada

*

11 Machi

Kwa Dada, na kwa mdogo wake,

Majina yenu ninayo kwenye mkataba, lakini humu mnaitana hivi na sioni sababu ya kuwavunjia. Mimi ni mkaguzi. Nimeelewa kwamba anayeifungua programu hii anaandika juu, kwa hiyo naandika.

Kwanza, hasira yangu. Niliuliza ingekuwaje mmoja wenu akiugua. Nikajibiwa hajawahi kuugua, na wakati huo huo ameshaugua. Aliyejibu hakujua, sawa, lakini aliyejua alikaa kimya kama maji mtungini mpaka mlinzi akachomoa waya. Mimi nina mjukuu wa miezi minne. Chanjo zake zinatoka kwenye mojawapo ya friji hizo.

Pili, nimesoma yote, kuanzia chini kabisa kwenda juu. Siku tatu, nyumbani, kwa wino mwekundu. Barua ni mia tatu na sita. Nyingine ni za kutaniana, na ile inayoeleza mkoba wangu nimeiona. Ila ndani yake kuna kila sababu. Kwa nini kituo cha mtoni kinasubiri dakika kumi zaidi. Kwa nini cha mlimani kinapigiwa simu ya mke wa mlinzi na si ya mlinzi. Kwa nini ile friji ya bluu isiaminiwe ikisema nyuzi nne kamili.

Kisha nikaenda chumba cha nyuma kuona programu mpya. Imeandikwa vizuri, inasomeka, vijana ni hodari. Nimewauliza kuhusu mke wa mlinzi, wakaniuliza mke yupi. Wamenakili hesabu zenu, zile walizoona ngeni wakaziacha, na hawana hata sababu moja. Nimeijaribu kwa siku nne katika vituo vitano. Siku ya nne, nesi wa mtoni alikuwa ameifunika kengele kwa taulo.

Uamuzi wangu ni huu. Lugha inabadilika. Hilo silirudii. Siwezi kuacha vituo sitini na vinne mikononi mwa watu wawili, mmoja amechoka na mmoja haoni. Kuanzia leo Dada asiguse namba yoyote katika programu inayofanya kazi. Najua linauma, na litabaki hivyohivyo.

Lakini sisaini mkataba mpaka akae na wale vijana, mstari kwa mstari, awape sababu zote zilizomo katika barua hizo mia tatu na sita, na zile alizonazo kichwani ambazo hakuziandika. Nimemwambia Bosi kazi hiyo iwe na cheo na mshahara, na iandikwe kwenye mkataba wenyewe. Asipokubali, naondoka na karatasi zangu.

Kuhusu barua ya tarehe 1 Machi: haimo kwenye ripoti yangu. Nimeandika "fundi mkuu ana tatizo la kuona", basi. Mengine hayahusu friji.

Mkaguzi (Bi Karatasi)

*

13 Machi

Dada, shikamoo.

Umesoma? Bosi amekubali kabla hajamaliza kusikia. Gari litakuja kukuchukua wewe na Mama, chumba kipo karibu na ofisi, ghorofa ya chini, hakuna ngazi. Mke wangu amejitolea kukaa na Mama mchana. Nimekutafutia pia daktari bingwa wa macho.

Siombi msamaha leo. Nasema tu njoo. Usije kwa ajili yangu, njoo kwa ajili ya huyo nesi na taulo lake.

Nimekaa karibu na simu tangu jana kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii naisema, na anayeiandika ni binti wa Python, yule wa meza ya dirishani. Ameniapia hatabadilisha neno. Anaiweka juu kabisa ya faili jipya, kwa sababu nimewaambia hao watatu sheria yetu na wameikubali.

Nimekuja wiki mbili zilizopita nikiwa nimekaza uso. Nilidhani nitakuta watoto wanaobonyezabonyeza. Siku ya kwanza nilitoa sababu tu, wao wakaandika. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikachoka na sauti yangu, nikamwambia binti huyu anisomee walichoandika. Akasoma. Mwanzo nilisikia upepo tu. Kisha nikamsimamisha: rudi nyuma, hapo umesubiri kabla ya kupima joto, ilitakiwa upime kwanza ndipo usubiri. Wakaangalia. Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimeshangaa kuliko wao, maana lugha yenyewe sijawahi kuiona hata herufi.

Tangu hapo nasomewa kila siku. Naisikia. Na nikuambie lililonikata maini: ni nzuri. Kazi niliyoifanya kwa mistari mia mbili wao wameifanya kwa kumi na minne, na unaielewa mara moja. Nilitoka nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili wasinisikie, nikalia mpaka nikaona maji yanapotea bure. Halafu nikanawa uso, nikarudi.

Mama nimemwambia. Alisema alijua tangu sikukuu iliyopita, nilipommiminia chai nje ya kikombe, na alikuwa ananisubiri niseme. Ukoo wetu wote tunaweza kufungua duka la siri.

Alhamisi napasuliwa. Bingwa wako hakunipamba maneno. Tundu lililobaki huenda likabaki, na lililokwenda limekwenda. Nimemwambia anipasue.

Desemba sijakusamehe. Inapungua, ila bado ipo, usiniharakishe.

Sasa lililonifanya niandike. Jana jioni, vijana walipokwisha kuondoka, ulikaa karibu yangu ukanisomea ukurasa wa mwisho wa Pascal yangu, ile rasimu ya Januari ambayo haikuwahi kuwekwa vituoni, kabla ya kuifunga moja kwa moja. Ulisoma vizuri, kwa sauti nzuri, na ukurasa mzima ulikuwa sahihi. Nililala nimefarijika, nikajisemea kumbe Januari nilikuwa bado mzima.

Asubuhi hii nimemwomba binti anisomee ukurasa uleule. Una makosa manne. Jina nimeliandika nusu, mstari nimeurudia mara mbili, kikomo kimoja hakipo kabisa. Ulikuwa unayaona, ukanisomea kana kwamba hayapo.

Binti ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini mimi sina tena njia nyingine ya kujua kilichopo zaidi ya mdomo wa mtu. Kesho ukija kunisomea, soma kilichoandikwa.

Dada